Kabla Hamjamwinua, Ulizeni

Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, tulisikia kishindo nyuma ya madrasa yetu huku Airport, upande wa Changamwe. Kijana wa miaka 19 alikuwa juu ya mwembe akiangua maembe, tawi likakatika, naye akaangukia kichwa na bega. Tulipomfikia alikuwa macho, analitaja jina la Mola wake na kulalamikia shingo. Watu wakaja mbio. Mmoja akamshika makwapani, mwingine miguuni, wa tatu akaleta bodaboda ili apakiwe katikati ya watu wawili. Nasi, twakiri mbele ya wasomaji wetu, tulikuwa miongoni mwa waliosema: "Mwinueni haraka!"

Aliyetuzuia ni mama mmoja jirani, aliyepata kufanya kazi ya uuguzi. Alipiga magoti mchangani, akakishika kichwa cha kijana kwa mikono miwili kikatulia, akasema kwa upole: "Maalim, tafadhali, asiinuliwe. Kwanza tumuulize." Akamgeukia kijana: "Mwanangu, wasikia ganzi popote? Vidole vya miguu vyatikisika? Wapi hasa pauma?" Kijana akajibu kwamba vidole vyatikisika, ila nyuma ya shingo, katikati, pauma sana, na mkono wa kulia wachomachoma kama sindano. Mama akaagiza gari la wagonjwa liitwe. Khanga mbili zikasokotwa, zikawekwa pande mbili za kichwa, na muda wote huo yeye hakukiachilia.

Baadaye tulielewa kwa nini. Shingo ya binadamu ina pingili 7, na ndani yake umepita uzi wa fahamu unaobeba amri za ubongo kwenda mikononi, miguuni, na hata kwenye misuli ya kupumua. Pingili yaweza kuvunjika na uzi ule ukasalimika. Lakini shingo iliyovunjika ikikunjwa au ikizungushwa, mfupa waweza kuubana uzi au kuukata, na mtu aliyeanguka akiwa mzima wa viungo akafika hospitali amepooza.

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana. Naye aliuliza maswali yaleyale na mengine zaidi, huku akitazama karatasi iliyobandikwa ukutani. Mjomba wa mgonjwa akanong'ona: "Daktari gani huyu asomaye ukutani?" Sisi tunaoishi Airport tunajibiwa swali hilo kila siku na ndege zinazopita juu ya mapaa yetu. Rubani aliyerusha ndege miaka 20 bado husomewa orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka, na hakuna abiria anayemwita mjinga. Kumbukumbu ya binadamu hupotea, hasa penye haraka na vilio. Orodha haina hofu wala uchovu.

Karatasi ile ilikuwa na kanuni ijulikanayo kama Kanuni ya Shingo ya Kanada, iliyotangazwa mwaka 2001 na Dkt. Ian Stiell wa Ottawa pamoja na wenzake. Sisi tuliolelewa vyuoni tumefundishwa kwamba kauli haipokelewi kwa uzuri wake, bali kwa kuchunguzwa wapokezi wake mmoja mmoja. Basi tuulize: kanuni hii ilipimwa vipi? Waliwafuatilia wagonjwa 8,924 katika hospitali 10 za Kanada, watu wazima walioumia na ambao akili zao zilikuwa timamu. Waliokutwa na jeraha zito la shingo walikuwa 151, na kanuni iliwatambua wote. Mwaka 2003 ikapimwa tena, ikilinganishwa na kanuni nyingine iliyotoka Marekani, kwa wagonjwa 8,283. Ile ya Marekani ingewakosa 16 wenye majeraha mazito, na hii ya Kanada ingemkosa 1. Elimu isiyoogopa kujipima mara ya pili ni elimu ya kutegemewa.

Yenyewe ina hatua tatu. Ya kwanza: je, pana jambo la kutia hofu? Mgonjwa ana umri wa miaka 65 au zaidi. Au ameanguka kutoka kimo cha mita moja hivi au zaidi. Au amerushwa nje ya gari. Au amepiga mbizi akagonga kichwa. Au anasikia ganzi mikononi au miguuni. Likiwapo hata moja, apigwe picha. Ya pili: ikiwa hakuna, je, ipo dalili ya salama? Kama vile ametembea baada ya ajali, au maumivu yalikuja baadaye, au katikati ya shingo hapaumi akibonyezwa. Ya tatu: ikiwa dalili ya salama ipo, je, aweza mwenyewe kugeuza shingo nyuzi 45 kulia na kushoto? Akiweza, hahitaji picha.

Kijana wetu alinaswa kwenye hatua ya kwanza, kwa kimo cha mwembe na kwa mkono wake. Picha ikaonyesha ufa katika pingili moja, na uzi wa fahamu haukuguswa.

Juma lilo hilo, mama mmoja wa miaka 40 wa mtaani kwetu alikuwa ndani ya matatu iliyogongwa kwa nyuma na gari dogo, polepole, katika msongamano. Shingo ilianza kumuuma usiku. Daktari alimuuliza, akambonyeza, akamwambia ageuze shingo, kisha akampa dawa za maumivu na kumruhusu aende nyumbani bila picha. Jamaa zake wakaja kwetu wakilalamika kwamba amedharauliwa kwa kuwa hana pesa. Tulipomuuliza yote aliyofanyiwa, tukaona ni hatua zilezile. Kanuni iliyomlazimishia kijana picha ndiyo iliyomwepushia mama huyu gharama na mionzi asiyoihitaji. Leo yuko jikoni kwake, anakaanga mahamri.

Imepokewa kwa Jabir (r.a.), katika mkusanyiko wa Abu Daud, kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwa kwa jiwe akiwa safarini. Akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe iwapo ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwakemea vikali kwa kutoa hukumu bila kujua na bila kuuliza. Wenzi wale walimpenda ndugu yao, kama nasi tulivyompenda kijana wetu tuliposema ainuliwe.

Basi, enyi mama na baba, hatua zile tatu ni za daktari aliyefunzwa. Msimjaribu mtu shingo nyumbani. Yenu ni haya. Aliyeanguka kutoka mnazini, aliyetupwa na bodaboda, au aliyepiga mbizi maji yakiwa haba, msimwinue wala msimketishe, ila pakiwa na hatari kama moto, maji au magari yapitayo. Mmoja akishike kichwa kitulie, mwingine apige simu 999 au 112. Angalieni pumzi yake, kwani pumzi hutangulia shingo. Ikibidi kumhamisha, wawe watu wengi, mwili wote ugeuzwe pamoja kama gogo, kisha alazwe juu ya ubao au mlango. Na shingo iliyopata ajali isipelekwe kwa mkandaji ikavutwe kabla daktari hajaiona. Mikono ya wakandaji wetu ina baraka zake, lakini haioni ndani ya mfupa.

Tulipomzuru, kijana alikuwa na kola shingoni, na jambo lililomtia wasiwasi ni sala. Tulimwambia kola isivuliwe: shingo si katika viungo vya faradhi ya udhu, na asiyeweza kuinama hurukuu na kusujudu kwa ishara, hata ya macho, na sala yake ni kamili. Mamake alikuwa ameketi kando ya kitanda, akatuuliza kama na yule jirani aliyeshika kichwa apelekewe salamu zetu. Tulimwambia tutazipeleka wenyewe, pamoja na radhi tuliyokuwa hatujamwomba.

Wabillahi taufiq.