Sababu ya video kukatika mtandao unapoyumba

ABIRIA anayesafiri kutoka Kitale hadi Bungoma kupitia Kiminini na Webuye, huku akizungumza na jamaa yake kwa video, huenda akaiona hali hii zaidi ya mara moja. Uso wa mwenzake hugeuka vipande vya mraba, mdomo ukaganda, kisha baada ya sekunde chache picha ikatulia. Wakazi wa Saboti, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hawahitaji hata kusafiri ili mawimbi ya simu yafifie. Lakini mawimbi ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili imo katika jinsi video inavyofungashwa.

Picha ndogo yenye upana wa nukta 640 na kimo cha nukta 360 ina nukta 230,400. Picha 25 za aina hiyo zikitumwa kila sekunde bila kupunguzwa, zitahitaji takriban biti milioni 138, mzigo unaozilemea simu nyingi. Ndiposa programu hutuma picha moja kamili, halafu zinazofuata zikaeleza tofauti pekee: mkono umesogea, ukuta ni ule ule.

Chukua mfano wa karani wa ghala la mahindi mjini Kitale. Badala ya kuhesabu magunia yote kila jioni, anaandika tu kwamba yameingia 40 na kutoka 15. Ukurasa mmoja ukipotea, hesabu za siku zote zinazofuata zitakuwa na kasoro, hata ziandikwe kwa uangalifu namna gani, hadi ghala lihesabiwe upya. Katika video kurasa hizo ni pakiti, ambazo kwa kawaida hazizidi baiti 1,500, na mtandao dhaifu huzipoteza.

Je, kwa nini picha kamili zisitumwe mara nyingi zaidi? Ni kwa sababu ni kubwa, nazo huuziba mtandao ambao tayari umelemewa. Afadhali karani ahesabu safu moja ya magunia leo na nyingine kesho. Aidha, kila safu inaweza kuwa na daftari lake, ili moja likipotea mengine yasomeke. Mbinu zote mbili zinawezekana katika kiwango cha H.264, kilichoidhinishwa mwaka wa 2003 na shirika la ITU la Umoja wa Mataifa kwa ushirikiano na shirika la viwango la ISO.

Njia nyingine ni kutuma ziada. Kwa kila pakiti nne hutumwa ya tano iliyokokotolewa kutokana nazo, na yoyote moja ikipotea hupatikana kwa hesabu. Gharama yake hutajwa kwa nadra: mzigo huongezeka kwa robo, na anayelipa ni mwananchi aliyenunua data kwa megabaiti.

Kuomba pakiti itumwe tena hufaa kwa filamu, kwa kuwa mtazamaji anaweza kungoja. Mazungumzo hayangoji. ITU hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 12, 2024, na intaneti ikadorora Kenya, Uganda na Tanzania, data iliyolazimika kuzunguka njia ndefu haikuwa na nafasi ya kutumwa mara mbili.

Yote yakishindikana, simu hubahatisha. Huchukua sehemu ya picha iliyotangulia na kuziba pengo. Katika salamu kwa nyanya hilo halina neno. Hata hivyo, tangu Machi 2020, mahakama za Kenya zilipogeukia vikao vya video kwa sababu ya Covid-19, wapo watu ambao uhuru wao hupitia kwenye kioo hicho. Kiraka hakina alama. Hakimu anaweza kuona uso uliotulia ilhali mshukiwa ametikisa kichwa kukataa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, programu za mahakamani na hospitalini zinapaswa kuonyesha wazi sehemu iliyobahatishwa, hata picha ikipoteza urembo.

Sauti huhitaji biti chache mno, makumi ya maelfu kwa sekunde. Kwa hivyo mtandao unapoyumba, kuzima kamera huipa sauti nafasi ya kupita, na neno la mshukiwa husikika hata uso wake usipoonekana.