Umeme ukirudi, nani yuko karibu na fishi?

Sisi watu wa Katanga na Lualaba tunaishi chini ya nyaya. Baraji ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kazi mwaka 1930. Nzilo na Nseke, kwenye mto Lualaba, zilifuata katika miaka ya 1950. Kiisha laini ya Inga ikaja, karibu kilometa 1.700 mpaka Kolwezi. Ile yote ilijengwa kwanza juu ya mashini za shaba, na zile mashini zingali na njaa. Kwetu nyumbani ni delestaji. Magharibi mutoto anafungua ordinatere aandike kazi yake ya mwisho wa masomo, moto unakwenda, na kurasa kumi zinakwenda nao.

Wengi wanafikiri giza ndilo linaua ordinatere. Giza linakula hasa ile kazi isiyohifadhiwa, na mara zingine linaharibu disiki kama ilikuwa inaandika. Lakini kinachochoma mashini mara nyingi ni umeme ukirudi. Mtaa muzima uliacha frigo, pasi na majiko yakiwa kwenye prizi. Vyote vinaamka pamoja, na volti zinapanda na kushuka. Pale tunapongojea volti 220, tunapata nyingi mno ama kidogo sana.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haiombi hata falanga moja. Moto ukikwenda, chomoa fishi. Ukirudi, ngojea dakika kumi, angalia kama taa ya nyumba imetulia, kiisha chomeka.

Dawa zingine zinaomba pesa, na tuzipange vizuri. Regilatere inalinganisha volti, lakini haiweki akiba: moto ukikwenda, nayo inakwenda. Ondilere iko na batri ndani. Ile ndogo ya VA 650 inashikilia ordinatere ya mezani dakika chache tu. Zile dakika si za kuendelea kuandika. Ni za kuhifadhi kazi na kuzima mashini kwa utaratibu.

Nyumba ambayo haijanunua bado, sisi tunaishauri ordinatere ya kubeba. Iko na batri yake yenyewe, na chaja nyingi zinakubali toka volti 100 mpaka 240. Soma karatasi iliyobandikwa juu yake. Kama ni ya okazyo, ichomoe mbele ya muuzaji, uangalie inakaa muda gani.

Anayetaka kutumika usiku kucha anaweka batri kubwa na konvertisere. Tupige hesabu pamoja. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1.200. Batri ya risasi haipendi kumalizwa. Tumia nusu, ni 600, na konvertisere nayo inakula sehemu yake. Ordinatere ya mezani ya wati 150 itapata saa tatu na kidogo. Ya kubeba, ya wati 40, itafika karibu asubuhi. Lakini ukichomeka televizio pale pale, hesabu imekufa. Na batri ya motokari ni ya kuwasha motere tu: ukiimaliza kila usiku, haikawii.

Kuhusu hewa, mchimbaji hafundishwi. Batri ya risasi ikichajiwa inatoa gazi inayoweza kulipuka. Na moshi wa jenereta uko na gazi isiyo na harufu ambayo inaua watu wakiwa usingizini. Batri ikae mahali penye hewa, mbali na moto. Jenereta ikae inje ya nyumba, mbali na madirisha. Hata juu ya woga wa wezi, usiiingize ndani.

Hakuna anayeshuka Kipushi na taa ambayo haikuchajiwa. Ordinatere tuiweke hivyo hivyo: tuchaji wakati umeme uko, tusingojee siku ya kazi. Anayeandika ahifadhi kila baada ya kurasa moja, na kila jioni akopye kwenye kle ya USB, ambayo haikai ndani ya mfuko mmoja na mashini.

Kunabaki neno moja la kupatana leo nyumbani. Baba yuko posti ya usiku, mama amelala, moto unarudi saa nane: ni nani alichomoa fishi? Mumpe ile kazi mtu mmoja, hata mutoto wa miaka kumi na miwili, na ajue ni yake.