Risasi Haijui Lango la Kiwanda

Katika mtaa wa Owino Uhuru, eneo la Jomvu mjini Mombasa, makazi ya watu yalipakana na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Tanuri lake lilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa humo, si kwa kazi ya tanuri bali kushughulikia uhusiano wa kiwanda na jamii. Haukupita muda mrefu mwanawe mchanga akaugua. Yalishukiwa kwanza maradhi ambayo sote tumezoea kuyashuku, malaria na homa ya matumbo, wala hakupata nafuu, hadi damu yake ilipopimwa risasi. Mama alielezwa kuwa huenda sumu hiyo ilimfikia mtoto kwa maziwa yake.

Tumezoea kugawa kazi: afya ya mfanyakazi ni ya mwajiri na mkaguzi wa viwanda, afya ya mazingira ni ya bwana afya na wahifadhi wa mazingira. Mtoto huyu ni wa nani kati yao?

Njia ambazo risasi hutokea kiwandani ni za kawaida mno, ndiyo maana hazitiliwi shaka. Vumbi lake laini hushika ovaroli, nywele, viatu na kiti cha pikipiki. Baba hurudi jioni akampakata mwanawe kabla ya kuoga. Ovaroli hulowekwa katika beseni lilelile la nguo za mtoto. Moshi nao huruka ukuta, ukatua juu ya mapaa ya bati, na mvua ikinyesha maji ya paa hukingwa kwa ndoo. Tindikali inayomwagwa wakati betri zinapopasuliwa huingia ardhini pamoja na risasi iliyomo. Tanuri likizimwa, udongo haufungwi, kwa kuwa risasi haiozi. Wala hapahitajiki kiwanda kikubwa: fundi anayepasua betri na kuyeyusha vibamba vyake kwenye sufuria nyuma ya nyumba ameunganisha mahali pa kazi na mahali pa kulala katika ua mmoja.

Mwilini mambo huwa mabaya zaidi kwa asiyefanya kazi hiyo. Kati ya risasi inayomezwa, mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya ile anayofyonza mtu mzima, na zaidi kama ana upungufu wa madini chuma au kalsiamu. Ubongo wake ungali unajengwa. Madhara yanayoupata huweza kudumu maisha yote. Risasi iliyomo damuni hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja baada ya mtu kuepushwa nayo, lakini iliyojificha mifupani hukaa miaka mingi, ikarejea damuni wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha. Hivyo mwanamke aliyeacha kazi zamani aweza kumrithisha mwanawe masalia ya kazi hiyo.

Viwango vyetu havikuandikwa kwa kumfikiria mtu huyo. Kanuni za Marekani za 1978 kwa viwanda vya risasi zilimtaka mwajiri amwondoe mfanyakazi kazini pale wastani wa risasi katika damu yake ulipofika mikrogramu 50 kwa desilita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema kwamba yeyote mwenye mikrogramu 5 atafutiwe chanzo na aepushwe nacho, na shirika hilo hilo halitambui kiwango chochote kisicho na madhara. Hesabu ya kiwandani ilimfikiria mtu mzima wa zamu ya saa 8. Jirani hana zamu. Huvuta hewa ileile usiku na mchana.

Hapa Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, na ile ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004. Mkaguzi wa kwanza huingia langoni, wa pili hupima nje ya ukuta, na taarifa zao hazina sababu ya kukutana pasipo mtu wa kuzikutanisha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humtazama aliyeugua kwa ajira yake. Mwanawe hana dai huko. Wakazi wa Owino Uhuru walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kisha shauri likaendelea katika rufaa.

Wa kuzikutanisha taarifa hizo mara nyingi ni mhudumu wa zahanati. Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliwashauri wenzake wamwulize kila mgonjwa kazi anayoifanya. Swali hilo lingali zuri, ila halitoshi. Mtoto mwenye maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, choo kigumu, upungufu wa damu usioponywa na vidonge vya madini chuma, au degedege bila homa, aulizwe pia watu wa nyumbani mwao hufanya kazi gani, na jirani yao huunguza nini. Ikipatikana risasi kwa mmoja, wapimwe wote wanaoishi naye. Zipo dawa zinazoivuta risasi itoke kwa mkojo kwa walioathirika sana, lakini kumpa mtoto dawa hizo na kumrudisha kwenye ua uleule ni kujaza maji kwenye pakacha.

Kwako mfanyakazi: nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe huko, oga na ubadili viatu kabla ya kupanda gari la nyumbani, usile wala kuvuta sigara penye vumbi hilo. Nyumbani sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa ufagio mkavu hulirusha vumbi hewani. Mama anayenyonyesha asimwachishe mtoto ziwa kwa hofu tu. Afike kituoni apimwe kwanza, kwani wengi wao hushauriwa kuendelea kunyonyesha.