Nyumba yenye watoto, ufunguo mmoja wa gari hautoshi

Si magari machache yaliyotumika kutoka Japani hufika mikononi mwa wanunuzi na ufunguo mmoja tu. Familia inalizoea gari, na ufunguo wa pili unaahirishwa hadi "mwezi ujao". Kisha mtoto wa miaka miwili anautumbukiza ule mmoja kwenye ndoo ya maji. Jumatatu asubuhi, mzazi anayeishi Kisasa hawezi kufika kazini Mtumba, na watoto wamesimama mlangoni na mabegi yao.

Ufunguo wa kisasa una kazi mbili. Vitufe vya rimoti hufungua milango, na chipu ndogo iliyo ndani huitambulisha kwa kompyuta ya gari ili injini iruhusiwe kuwaka. Ndiyo maana kuchonga chuma peke yake hakusaidii: mlango utafunguka, injini itagoma.

Ukiwa bado na ufunguo mmoja, kazi ni nyepesi. Fundi huchomeka kifaa chake kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kulifundisha gari kuutambua ufunguo mpya. Magari mengi hutaka ule wa zamani uwepo kama kibali. Ukipoteza zote, gharama hupanda, na huenda gari likavutwa hadi gereji.

Kabla ya kulipa, zingatia haya:

• Nenda na kadi ya gari na kitambulisho. Fundi asiyeuliza gari ni la nani anaweza kumtengenezea mwizi pia.

• Tahadhari na rimoti iliyotumika. Nyingi za magari yanayowashwa kwa kitufe hazikubali gari jingine mpaka zifutwe kwanza.

• Kama ufunguo uliibiwa, mwambie fundi aufute kwenye kumbukumbu ya gari. Nenda na funguo zote zilizobaki.

• Jaribu kila ufunguo hapo hapo: fungua, funga, washa injini.

Ukishapata wa pili, usiugeuze mwanasesere. Betri ya duara iliyo ndani ya rimoti, mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usimtapishe, mkimbize hospitali mara moja, hata kama halii.

Hatari nyingine ni mtoto kujifungia ndani ya gari akiwa na ufunguo. Kwa jua la Dodoma, joto la ndani hupanda kwa dakika chache. Kama ufunguo wa pili hauko karibu, vunja kioo kilicho mbali na mtoto, na mwenzako apige 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji.

Ufunguo wa akiba ukae nyumbani, juu, mahali ambapo baba na mama wote wanapajua. Ukifungiwa ndani ya gari lenyewe, si akiba tena.