Siri ya Kijana katika Riwaya ya Mapenzi: Mtazamo kutoka Utaita

Miongoni mwa hadithi za mapenzi zinazoandikiwa vijana wa shule, msuko unaorudiwa mno ni ule wa kijana mwenye siri. Msichana ana jambo ambalo hamwelezi mama yake wala mpenzi wake. Sura hupita moja baada ya nyingine. Hatimaye barua yaokotwa, siri yafichuka, na wapenzi ama waachana ama waoana. Aghalabu msomaji hufunga kitabu akiwa hana alichopata.

Lawama hutupiwa lugha ya mwandishi, au wepesi wa maudhui. Lawama hiyo haitoshi. Kasoro imo katika namna siri inavyotumiwa. Mwandishi humficha msomaji jambo ambalo mhusika analijua tangu ukurasa wa kwanza, ilhali masimulizi yenyewe yamo ndani ya mawazo ya mhusika huyo huyo. Msichana hulia usiku kucha bila hata mara moja kuliwaza lile linalomliza. Hakuna mwanadamu aliaye hivyo, na msomaji wa miaka kumi na mitano hulitambua jambo hilo upesi kuliko wahakiki.

Tofauti yaonekana dhahiri katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Zakaria ampiga bintiye vikali kwa sababu ya barua ya Charles, na msomaji yupo, aona. Tangu hapo ajua ni kwa nini Rosa ajifunza kuficha. Na Rosa aishipo mbali na nyumbani maisha ambayo wazazi hawayajui, msomaji hangojei kufumbuliwa fumbo, bali huogopa gharama yake. Gharama hiyo ni uhai wa Rosa. Riwaya hiyo ilipata kupigwa marufuku shuleni Tanzania, jambo linaloonyesha, kinyume na nia ya waliolitenda, kwamba siri zake zilimgusa mtu. Nayo Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, humwezesha msomaji kuiona tamaa ya Idi mapema kuliko Bahati ampendaye. Uchungu umo katika pengo hilo.

Kwa msomaji wa Voi, Mwatate au Wundanyi suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa jadi ya Wataita ilikuwa na fikra yake pana kuhusu jambo lililofichwa moyoni. Grace Harris, aliyefanya utafiti katika milima ya Utaita kati ya mwaka 1950 na 1952, aliieleza fikra hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1978. Hasira iliyokaa moyoni mwa mzazi au jamaa iliaminika kuweza kumletea mtu maradhi na mikosi, hata kama mwenye hasira hakukusudia madhara. Mwaguzi alitafuta ni moyo wa nani wenye hasira. Kisha mwenye moyo huo hutasa: hutia kinywani pombe ya miwa au maji, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya heri, na hasira ikatoka pamoja nayo.

Yafaa izingatiwe kwamba katika fikra hii lililofichwa halikai kimya likingoja sura ya mwisho. Latenda kazi tangu siku ya kwanza, tena juu ya mwili wa mtu mwingine. Hadithi zinazokatisha tamaa hazina mtu huyo mwingine. Siri ya msichana haimgonjezi mdogo wake, haiuharibu urafiki, haibadili hata namna anavyomwamkia bibi yake.

Kuna pia hadithi zilizopitwa na wakati. Mimba iliyofichwa ingali ikitumiwa kana kwamba kufichuka kwake ndiko kufungwa kwa mlango wa shule daima, ingawa tangu mwaka 1994 sera ya Kenya yamruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani. Iwapo mhusika bado aficha, mwandishi hana budi kuonyesha anamwogopa nani: baba, mwalimu, wenzake, au mwenye mimba ile.

Wala mazingira hayakosekani. Voi ni njia panda: reli ya kale kutoka Mombasa, tawi la Taveta lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, barabara ya Nairobi, na tangu mwaka 2017 stesheni ya reli mpya. Watu wa makabila mengi hukutana hapo kwa Kiswahili, na juu milimani Kidawida chaendelea kusemwa majumbani. Kijana anayeshuka na kupanda kati ya sehemu hizo mbili aweza kuwa amejifunza maneno yote ya mapenzi kwa Kiswahili, vitabuni na redioni, asiwe na hata moja la kumwambia bibi yake kwa Kidawida. Bibi aona mjukuu hali chakula, auliza, ajibiwa kwamba ni kichwa tu. Aendelea kumenya ndizi, na hauliza tena. Lakini jioni ile hamwiti mjukuu kuja kulala chumbani mwake kama desturi.