Hitilafu za Kurekodi kwa Maikrofoni katika Kompyuta ya Linux: Maelezo kwa Mtafiti wa Lugha Mjini Eldoret

1. Utangulizi

Eldoret ni mji wa lugha nyingi. Sokoni, katika vituo vya matatu na katika mashamba yanayouzunguka, Kinandi, Kikeiyo na Kimarakwet husemwa bega kwa bega na Kiluhya, Kikikuyu na Kiswahili. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoasisiwa mwaka 1984, kiko Kesses, si mbali na mji huo. Kwa hiyo mtafiti wa lugha aliye Eldoret hahitaji safari ndefu kumfikia mzee wa kumsimulia. Anachohitaji ni hakika kwamba masimulizi hayo yatafika salama ndani ya kompyuta.

Hakika hiyo ina uzito wa pekee katika lugha za Kikalenjin. Katika Kinandi, nomino iliyo kiima na nomino iliyo yambwa hutofautishwa kwa toni. Irabu nazo hutofautiana kwa urefu na kwa mkao wa shina la ulimi, ilhali maandishi ya kawaida yana herufi tano tu za irabu na hayana alama ya toni. Maana yake ni kwamba sehemu ya sarufi haimo katika daftari la mtafiti. Imo katika sauti. Sauti ikipotea au ikiharibika, daftari haliwezi kuirudisha, na msimulizi aliyekula chumvi nyingi huenda asipatikane mwaka ujao.

Watafiti wengi hutumia mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kwa kuwa hupatikana bila malipo na hukubali kompyuta kuukuu. Programu za Praat na Audacity, ambazo wanafonetiki wamezizoea, hufanya kazi ndani yake. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini maikrofoni hukataa kurekodi katika mfumo huo, au hurekodi vibaya, na jinsi ya kuitafuta hitilafu hatua kwa hatua.

2. Suala la Istilahi

Kabla ya kugusa waya wowote, inafaa kulitazama jina la chombo chenyewe. Kiswahili hutumia «kipaza sauti» kwa chombo kinachopokea sauti ya msemaji, na vilevile kwa kile kinachoitoa kwa kishindo uwanjani. Mtu akisema kwamba kipaza sauti chake hakifanyi kazi, fundi hajui kama atafute hitilafu upande wa kuingiza sauti au upande wa kuitoa. Isitoshe, chombo cha kwanza hakipazi chochote: hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme hafifu, na kazi ya kuupaza umeme huo hufanywa na kifaa kingine.

Tatizo la kuziita sehemu za kompyuta kwa Kiswahili si geni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulilazimika kupambana nalo. Katika makala haya, «maikrofoni» ni kiingizi cha sauti, «spika» ni kitoleo chake, na «kiendeshi» ni programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa fulani.

3. Safari ya Sauti

Hitilafu haiwezi kutafutwa na mtu asiyeijua njia. Katika Linux, sauti hupita vituo vitano: maikrofoni na waya wake, kadi ya sauti, inayogeuza umeme kuwa tarakimu, ALSA, yaani tabaka la viendeshi lililomo katika kiini cha mfumo, mgawa sauti, ambaye huamua ni programu ipi ipokee kutoka kifaa kipi, na mwisho programu ya kurekodi.

Mgawa sauti ndiye aliyebadilika zaidi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na PulseAudio. Fedora ilianza kutumia PipeWire badala yake mwaka 2021, na Ubuntu ikafuata mwaka 2022. Kwa sababu hiyo, maelekezo ya zamani huweza kutaja jina ambalo halimo tena katika kompyuta ya msomaji, ingawa dirisha la pavucontrol huzihudumia zote mbili.

Kanuni ya uchunguzi ni moja: kuanzia chini kwenda juu, kituo baada ya kituo, bila kubadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja.

4. Hitilafu ya Kwanza: Ukimya

Ukimya mtupu una sababu chache, na nyingi si ngumu.

Ya kwanza ni plagi. Maikrofoni za simu huwa na plagi yenye pete tatu nyeusi na sehemu nne za chuma. Tundu la zamani la kompyuta hutarajia plagi yenye pete mbili na sehemu tatu. Zikikutanishwa, sauti hutoka lakini haiingii. Dawa yake ni kiunganishi kinachoitenganisha njia ya maikrofoni na ile ya spika za masikioni. Aidha, maikrofoni za kondensa zinazotumiwa studioni huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kifaa cha kuunganishia. Kitufe hicho kikiwa hakijawashwa, maikrofoni hizo hunyamaza kabisa.

Ya pili ni kutotambuliwa. Amri arecord -l huorodhesha vifaa vyote vya kurekodi ambavyo ALSA inavijua. Maikrofoni ya USB isipoonekana hapo, amri lsusb huonyesha kama kompyuta imeihisi hata kidogo. Isipoihisi, waya au tundu ndilo lenye kosa. Katika kompyuta mpya za mkononi, maikrofoni ya ndani huenda isionekane kwa sababu mfumo umekosa faili za SOF ambazo kadi huzihitaji ili iamke. Faili za namna hiyo hazikuwamo katika diski za kawaida za kusimikia Debian hadi toleo la 12, la mwaka 2023.

Ya tatu ni kuzimwa. Programu ya alsamixer hufungua ubao wa viwango. Kitufe F6 huchagua kadi, F4 huonyesha upande wa kurekodi, na kitufe cha nafasi huwasha au huzima alama ya «Capture». Watu wengi hupandisha kiwango hadi juu pasipo kugundua kwamba alama hiyo imezimwa.

Ya nne ni kuchagua chanzo kisicho sahihi, na hii ndiyo inayowakanganya wengi. Miongoni mwa vyanzo ambavyo mgawa sauti huvionyesha, kuna kinachoanza na maneno «Monitor of». Hicho si maikrofoni. Ni mwangwi wa yale yanayotoka kwenye spika. Mtafiti akikichagua, faili litaandikwa, saa itakwenda, na baada ya saa nzima ya masimulizi atapata kimya kitupu. Amri wpctl status huonyesha kwa alama ya nyota chanzo kinachotumika katika PipeWire.

Ya tano ni ruhusa. Programu iliyosimikwa kwa njia ya Snap hufungiwa katika chumba chake, na huenda isiifikie maikrofoni mpaka ipewe ruhusa ya «audio-record». Kifaa kikisemekana kushughulika na kazi nyingine, amri fuser -v /dev/snd/* humtaja anayekishikilia.

5. Hitilafu ya Pili: Sauti Iliyokatika Vichwa

Kadi ya sauti ina kilele chake. Sauti ikizidi hapo, vichwa vya mawimbi hukatwa, na hakuna programu inayoweza kuvirudisha jinsi vilivyokuwa. Katika picha ya mawimbi, sauti iliyokatika huonekana bapa kama meza. Chanzo cha kawaida ni kidhibiti cha «Mic Boost» kilichopandishwa mno. Ni heri vilele vya usemi vibaki karibu desibeli 12 chini ya upeo. Kwa biti 16 kuna nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, kwa hiyo hakuna haja ya kupakana na ukingo.

Ugonjwa wa karibu na huo ni kishindo cha pumzi. Katika Kimvita, «paa» ya nyumba na «p'aa», yule mnyama wa porini, hutofautishwa kwa mpumuo. Maikrofoni ikiwekwa mbele ya mdomo, pumzi huipiga na kuzaa kishindo kwa maneno yote mawili, na tofauti inayotafutwa hufunikwa. Chombo na kiwekwe kando kidogo ya njia ya pumzi, kiasi cha sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Umbali ukizidishwa mara mbili mahali pa wazi, sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli 6, ilhali kelele za mazingira hubaki vilevile.

6. Hitilafu ya Tatu: Mvumo na Mvua

Umeme wa Kenya huenda kwa herzi 50. Mvumo wake huingia kwenye waya mbovu au kupitia chaja ya kompyuta, nao huja na ndugu zake wa herzi 100 na 150. Hapo ndipo mwanatoni anapodhurika, kwa sababu sauti ya mwanamume mara nyingi hutikisika katika eneo hilohilo. Praat hukadiria kimo kwa kutafuta mrudio wa wimbi; mvumo ukiwa mkubwa, hasa mahali ambapo msemaji ameshusha sauti, mstari wa toni huweza kufuata umeme badala ya koo la mtu. Mara nyingi dawa haigharimu kitu: kuchomoa chaja na kurekodi kwa betri.

Mvua ya Eldoret nayo haina kidhibiti katika alsamixer. Chini ya paa la mabati humeza konsonanti zote. Anayerekodi wakati wa masika na afanye kazi asubuhi, kabla ya mawingu ya alasiri.

7. Hitilafu ya Nne: Sauti Iliyosafishwa Kupita Kiasi

Hitilafu hii ni ya hatari kuliko ukimya, kwa kuwa haijitangazi. Maikrofoni ya Bluetooth katika hali ya mazungumzo mara nyingi huchukua sampuli 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde. Sampuli 8,000 haziwezi kubeba chochote kilicho juu ya herzi 4,000, na sehemu kubwa ya nguvu ya konsonanti /s/ iko juu ya mpaka huo. Sikio huelewa maneno, lakini vipimo vya fonetiki huwa si vya msemaji tena, bali vya kifaa.

Vilevile, mitambo ya kuondoa kelele na ya kusawazisha sauti yenyewe, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mikutano, hupandisha silabi dhaifu na kufuta miisho ya maneno. Mtafiti na aizime yote. Sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16 na mkondo mmoja, katika faili la WAV, huchukua takriban megabaiti 346 kwa saa, na mzigo huo ni mwepesi kwa diski za siku hizi.

8. Utaratibu Unaopendekezwa

Kabla ya msimulizi kuanza, yafaa yafuatayo yafanywe:

(a) kuhakikisha kwa arecord -l kwamba maikrofoni imetambuliwa, na kuiandika namba ya kadi yake;

(b) kurekodi sekunde kumi moja kwa moja kupitia ALSA, kwa mfano, kadi ikiwa namba 1: arecord -D plughw:1,0 -f S16_LE -r 48000 -c 1 -d 10 jaribio.wav;

(c) kulisikiliza jaribio hilo kwa spika za masikioni, si kuitazama picha yake tu;

(d) kurudia jaribio ndani ya programu itakayotumiwa.

Hatua ya (b) ikifaulu na ya (d) ikashindikana, maikrofoni na kiendeshi havina lawama. Kosa liko kwa mgawa sauti au katika programu. Zikishindikana zote mbili, uchunguzi urejee kwenye plagi, kadi na alama ya «Capture». Kwa njia hii dakika tano huokoa siku nzima.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hitilafu nyingi za kurekodi katika Linux hutokana na kutojulikana kwa kituo ambako sauti imekwama, wala si ubovu wa mfumo. Imeonyeshwa pia kwamba faili linalosikika vizuri si lazima liwe ushahidi mzuri. Katika lugha ambayo toni hubeba sarufi, kuipima maikrofoni ni sehemu ya mbinu za utafiti, na yastahili kuelezwa katika ripoti pamoja na umri wa msemaji na mahali alikozaliwa: aina ya chombo, idadi ya sampuli, na kama sauti ilipitishwa katika kichujio chochote. Msomaji wa kesho, ambaye hatamkuta msimulizi, atakuwa na njia hiyo tu ya kujua anachokisikia ni cha nani.