Kibao cha Namba na Bima ya Gari Lako

Zamani kioo cha mbele cha gari nchini Tanzania kilibeba stika mbili: ya leseni ya barabara na ya bima. Ada ya leseni iliyolipwa kila mwaka iliondolewa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Stika ya bima nayo sasa ni ya kielektroniki. Kinachoonekana barabarani ni kibao cha namba.

Kwa hiyo kibao kilichopinda, kufutika au kufunikwa na tope si suala la usafi tu. Aliyegongwa asipoweza kuisoma namba, hana pa kuanzia madai yake, ingawa bima inayomlinda, ile iitwayo mitaani "bima ndogo", ni ya lazima kisheria.

Ukikata bima, usitosheke na risiti ya wakala. Ingiza namba ya gari katika mfumo wa uhakiki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), utazame kampuni iliyokukatia na tarehe ya ukomo. Fanya hivyo siku hiyo hiyo. Herufi ABC zikiandikwa ACB, umelipia gari ambalo si lako.

Rangi nayo ina maana. Kibao cha njano ni cha gari binafsi. Cheupe, la biashara. Mwenye kibao cha njano anayebeba abiria kwa nauli amekatia bima matumizi mengine kabisa, na ajali ikitokea, ubishi wa fidia huanzia hapo.